Manyoya matatu na kibano kimoja

Kuna methali ya wahenga ambayo siku hizi tunaitaja mara chache: mshale usio na nyoya hauendi mbali. Siku zote niliichukulia kama methali nyingine yoyote, ya kusemea watu wasio na msaada nyuma yao. Mpaka siku nilipojaribu kubandika manyoya kwenye mshale kwa mikono yangu mwenyewe, mezani jikoni, na gundi ya dukani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mzee aliyeitunga methali ile alikuwa anaongea fizikia.

Rafiki yangu mmoja anapenda mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde. Aliniachia ujiti mmoja wa mshale na manyoya matatu akasema, haya, wewe mwandishi, jaribu. Manyoya matatu tu! Unyoya wa kwanza ulikaa vizuri. Wa pili ulikaa ukiangalia dirishani. Wa tatu uling'ang'ania kidole changu na kukataa kabisa kuhamia kwenye mti. Siku mbili baadaye tuliupiga ule mshale hatua kumi na tano hivi kutoka kwenye shabaha, ukatoka ukiyumba kama mtu aliyetoka kilabuni saa nane za usiku, ukagonga ukuta kwa ubavu. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua begi lake akatoa kidude cha chuma, kizito, cha ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. "Hii kazi haifanywi kwa macho," akaniambia. "Inafanywa na hiki."

Sijui tukiiteje kwa Kiswahili. Mimi naita kibano, na mwenye neno bora alilete. Kazi yake ni rahisi kueleza. Mshale unasimama wima ndani yake, na ule mkato wa nyuma unaopokea upote unakaa kwenye kitako kinachozunguka. Unyoya unabanwa kati ya taya mbili ndefu za chuma, uti wake ukichungulia nje kidogo. Unapaka gundi kwenye uti, unateremsha taya mpaka sumaku izidake, na unyoya unaugusa mti palepale unapotakiwa, si pembeni hata kidogo. Unasubiri gundi ishike. Unafungua, unazungusha kitako mpaka kilie "ka!", na sasa mshale umegeuka theluthi moja ya duara, nyuzi 120 kamili. Unabana unyoya wa pili. Halafu wa tatu. Mshale wa kumi na mbili unafanana na wa kwanza.

Nilikiangalia kile kidude muda mrefu kuliko ilivyostahili. Swali lililonijia ni la kizembe tu: kabla ya chuma hiki, watu walifanyaje? Nilipoanza kusoma nilidhani nitaandika aya mbili. Nimeishia California, nimepita chini ya bahari ya Uingereza, na mwisho nikajikuta Serengeti. Twende pamoja.

Kwanza, unyoya unafanya nini? Kichwa cha mshale ni kizito, nyuma ni kwepesi. Mshale ukianza kwenda mrama, hewa inayakamata manyoya ya nyuma na kuyavuta yarudi kwenye mstari, kama mkia wa tiara unavyoituliza tiara. Yakiwa yamebandikwa kwa mshazari kidogo, au yamepinda kufuata mzunguko wa mti, mshale unazunguka ukiwa angani, na kosa dogo la mti wenyewe linagawanywa pande zote. Na hapa ndipo penye mtego ambao mimi sikuujua: unyoya wa bawa la kushoto umepinda kinyume na wa bawa la kulia. Ukichanganya kwenye mshale mmoja, unyoya mmoja unasema zunguka huku, mwingine unasema huku. Katika manyoya yangu matatu ya jikoni, rafiki yangu alinichanganyia makusudi. Nimemsamehe.

Sasa Uingereza. Mfalme Henry wa Tano, yule aliyewashinda Wafaransa pale Agincourt mwaka 1415 kwa kutegemea wapiga upinde, alirudi nyumbani akakuta hana mishale ya kutosha kwa vita inayofuata. Mwaka 1417 aliagiza kila bata bukini katika majimbo kadhaa atoe manyoya sita ya bawa (bata wanaoatamia walisamehewa, nadhani hata mfalme aliogopa kelele zao). Mwaka 1418 amri ikaja tena, safari hii na hesabu: manyoya 1,190,000. Nilichukua kalamu. Kwa manyoya sita kila mmoja, hao ni bukini kama 198,000. Kwa manyoya matatu kila mshale, unapata mishale kama 396,000. Mishale ilihesabiwa kwa fungu la 24, kwa hiyo ni mafungu zaidi ya 16,500. Na kila unyoya katika hiyo milioni ulipita katika vidole vya mtu. Hakukuwa na kitako cha kulia "ka!".

Watu wenye vidole hivyo walikuwa na hadhi yao. London, mwaka 1371, mafundi wa mishale waliomba kwa meya watenganishwe na mafundi wa pinde, kila kundi lishike kazi yake. Wakakubaliwa. Chama chao kipo mpaka leo, ingawa sidhani kuna mwanachama anayeishi kwa kubandika manyoya. Jina la ukoo Fletcher, ambalo utalikuta kuanzia kwenye sinema hadi kwenye timu za mpira, linatokana na kazi hiyo, yaani fundi wa mishale. Ukikutana na bwana Fletcher, ujue mababu zake walikuwa na gundi vidoleni.

Walifanyaje kazi yao? Jibu zuri kuliko yote lilitoka baharini. Tarehe 19 Julai 1545 meli ya kivita ya Henry wa Nane iitwayo Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth, na karibu watu wote waliokuwamo wakafa. Ilikaa kwenye tope mpaka tarehe 11 Oktoba 1982 ilipoinuliwa. Ndani yake zilipatikana pinde 137 nzima na mishale zaidi ya 3,500, mingi ikiwa ya mti wa popla. Manyoya yalikuwa yameliwa na bahari. Lakini kwenye miti ya mishale ilibaki alama: utando wa gundi yenye chembechembe za shaba, na ndani yake mchoro wa uzi uliozungushwa kutoka mwanzo wa unyoya hadi mwisho. Fundi alibandika, halafu akapitisha uzi kati ya vinyoya, mzunguko baada ya mzunguko, kukaza kila kitu mahali pake.

Uzi ule ndio uliokuwa kibano. Chuma cha rafiki yangu kinashika unyoya kwa dakika chache kisha kinauachia, ila uzi wa mafundi wale uliushika unyoya mpaka vitani.

Mwaka uleule wa 1545, msomi wa Cambridge aitwaye Roger Ascham alichapisha kitabu cha Kiingereza juu ya upigaji upinde, Toxophilus, akampelekea mfalme, na mfalme akampa pensheni ya pauni kumi kwa mwaka. Humo Ascham anasifia unyoya wa bukini kuliko wa ndege mwingine yeyote. Anaandika hayo wakati bunduki tayari imeshaingia mlangoni. Baada ya hapo upinde Ulaya ulishuka taratibu kutoka jeshini hadi kwenye bustani za matajiri, wanaume kwa wanawake, na chai pembeni. Sehemu hiyo nairuka, haina mengi ya kutufaa hapa.

Nawapeleka California.

Tarehe 29 Agosti 1911, karibu na mji wa Oroville, mtu mmoja aliyekonda kwa njaa alikutwa nje ya machinjio. Alikuwa wa mwisho katika watu wake, Wayahi. Walowezi na wachimba dhahabu walikuwa wamewaua Wayahi kwa makundi katika miaka ya 1860, na waliobaki walijificha korongoni miaka mingi, wakipungua mmoja mmoja. Desturi yao ilimkataza kujitajia jina mwenyewe, na hakubaki mtu wa kumtajia. Wanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha California, akiwamo Alfred Kroeber, wakamwita Ishi, neno la lugha yake lenye maana ya mtu. Wakampa chumba cha kulala ndani ya jumba la makumbusho San Francisco. Ndiyo, ndani ya makumbusho. Jumapili wageni walikuja kumtazama akichonga vichwa vya mishale.

Jirani na makumbusho ilikuwa shule ya udaktari, na humo alikuwamo daktari wa upasuaji aitwaye Saxton Pope. Alikuja kumtibu Ishi, akaishia kuwa mwanafunzi wake. Ishi alimfundisha kuchonga upinde, kunyoosha ujiti kwa joto la moto, na kufunga manyoya. Ishi aliupasua unyoya katikati ya uti wake, akaukwangua mpaka ukawa mwembamba, akaweka vipande vitatu kuzunguka mti kwa nafasi sawa, akavifunga kwa kano za mnyama zilizolainishwa mdomoni. Kano ikikauka inajikaza yenyewe. Nafasi sawa alizipima kwa jicho. Alipiga akiwa amechuchumaa, akivuta upote kwa dole gumba, namna ambayo Pope hakuwahi kuiona kwa Mzungu yeyote.

Tarehe 25 Machi 1916 Ishi alikufa kwa kifua kikuu. Kroeber alikuwa mbali, na aliandika barua kwamba maiti yake isipasuliwe kwa ajili ya sayansi. Ilipasuliwa. Ubongo wake ukatolewa na baadaye ukapelekwa taasisi ya Smithsonian, Washington, ukakaa huko mpaka mwaka 2000 ulipokabidhiwa kwa jamii za Wahindi Wekundu wa kaskazini mwa California ambao ni ndugu wa karibu wa watu wake, wakauzika. Ni miaka 84. Nimeandika tarakimu hiyo halafu nikasimama kidogo nikanywa maji.

Pope aliendelea. Yeye na rafiki yake Arthur Young waliwinda kwa upinde milima ya magharibi ya Marekani, na mwaka 1923 Pope alitoa kitabu, Hunting with the Bow and Arrow. Kilisomwa sana. Humo anaeleza namna ya kutengeneza mshale wako nyumbani, wa mti wa birchi na manyoya ya bata mzinga, kazi ya vidole, gundi na uzi. Kwa watu wa mjini waliochoka ofisini lilikuwa jambo la kuamsha damu. Wakaanza kuchonga kwenye magereji yao. Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin lilifungua msimu wa kuwinda paa kwa upinde peke yake. Mwaka 1938 ikatoka sinema ya rangi ya Robin Hood, mishale yake ikipigwa na bingwa Howard Hill, na hapo watoto wa Marekani nzima wakataka upinde.

Sasa fikiria: maelfu ya watu wanataka mishale, na hakuna hata mmoja aliyekaa miaka saba chini ya fundi wa London, wala aliyelelewa na Wayahi. Wana mashine ndogo za karakana na hawana vidole. Kibano ni mtoto wa hali hiyo. Mmojawapo wa waliokitengeneza, Henry Bitzenburger wa California, jina lake linatajwa na wapiga upinde mpaka leo kama sisi tunavyotaja jina la kampuni ya cherehani. Wakati huohuo wanasayansi waliingia. Mtu aitwaye Clarence Hickman alipiga picha za mwendo kasi zilizoonyesha mshale ukijipinda kama nyoka unapoupita upinde, na mwaka 1947 yeye na wenzake Klopsteg na Nagler walikusanya makala zao katika kitabu kimoja cha ufundi. James Easton, aliyeanza kutengeneza mishale mwaka 1922, alikuwa ameshahamia kwenye bomba za aluminiamu. Ujiti ukishakuwa sawa na mwenzake kwa kipimo cha kiwandani, ni aibu manyoya yawe ya kubahatisha. Kibano kikawa lazima.

Mpaka hapo ni historia nzuri ya kifaa, na ningeweza kuishia hapo. Lakini nilipokuwa nasoma habari za Pope nikakutana na neno Tanganyika.

Mwaka 1925 Saxton Pope na Arthur Young walikuja kwetu. Waliongozana na mwandishi Stewart Edward White, aliyewahi kupita upande huo mwaka 1913, enzi za Mjerumani. Walipiga kambi katika nchi ya Serengeti na lengo lilikuwa moja: kuua simba kwa mshale. Waliua kadhaa, huku bunduki zikiwa tayari nyuma yao kwa usalama. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1926, na mwaka huohuo Pope akafariki. Mwaka 1961 wawindaji wa upinde wa Marekani walianzisha klabu ya kutunza rekodi wakaiita kwa majina ya wawili hao.

Nawaomba muitazame picha hiyo vizuri. Ujuzi ulioanzia kwenye vidole vya mtu ambaye watu wake wote waliuawa ili nchi yao ichukuliwe, umevuka bahari ukiwa mikononi mwa daktari, ukaingia katika nchi nyingine iliyochukuliwa, kwa ajili ya burudani. Na umeingia mahali ambapo upinde haukuwa kitu kigeni hata kidogo. Waikoma na majirani zao walikuwa wanawinda nyika hizohizo kwa mshale kabla White hajaziona. Hao hawakuandikwa kama wanamichezo. Tangu amri ya gavana Hermann von Wissmann ya mwaka 1896, serikali ndiyo iliyoamua nani awinde nini na kwa kibali gani, na Waingereza wakaendeleza kwa sheria yao ya mwaka 1921. Wenyeji waliachiwa nafasi ndogondogo hapa na pale. Serengeti ilipokuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, mwindaji wa mshale alibaki na jina moja tu: jangili.

Upande wa Kenya mambo yalikuwa makali zaidi. Wawaata, ambao vitabu vya zamani vinawaita Waliangulu, waliwinda tembo kwa pinde nzito kupindukia na mishale yenye sumu ya msunguti. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 ikawakuta humohumo. Mwaka 1956 na 1957 maaskari wa wanyama, wakiongozwa na akina David Sheldrick na Bill Woodley, waliendesha msako mkubwa, na Wawaata wengi waliishia gerezani. Najua hoja ya upande wa pili, na sitaificha: pembe zile zilikuwa zinanunuliwa na wafanyabiashara wa pwani, na tembo walikuwa wanakufa kwa wingi. Mimi si mtu wa kutetea kuua tembo. Ninachosema ni kwamba mshale wa mgeni uliingia kwenye vitabu, na mshale wa mwenyeji uliingia kwenye jalada la polisi kama kielelezo. Tofauti haikuwa kwenye manyoya.

Wapo wanaoendelea. Wahadza, kandokando ya ziwa Eyasi, bado wanatengeneza mishale yao wenyewe, wakinyoosha fimbo kwa moto na meno, wakifunga manyoya ya tai au kanga kwa kano. Njia yao na ya Ishi zinakaribiana kiasi cha kutisha, na watu hao hawakuwahi kukutana. Hakuna kibano. Nilimuuliza rafiki yangu inawezekanaje mtu apige ndege juu ya mti kwa mishale ambayo hakuna miwili inayofanana. Alifikiri, akasema pengine ndiyo sababu: mtu aliyetengeneza mishale yake sita anaufahamu kila mmoja, huu unavuta kushoto, huu mzito mbele, na mkono wake unarekebisha bila kuambiwa. Yeye mwenyewe ana mishale kumi na miwili isiyo na tabia yoyote. Lazima iwe hivyo, maana shabaha yake iko mita 70 na anashindana kwa pointi.

Wiki iliyopita aliniazima kile chuma. Nimebandika mishale sita, bawa la kulia tupu, gundi ikikauka huku nikisoma. Kila unyoya nilisubiri dakika kumi na tano, kwa hiyo manyoya kumi na nane yamenila jioni mbili. Mitano imekwenda sawa. Wa sita ni ule wa kwanza wa jikoni, niliukwangua kwa kisu nikauanza upya, lakini mti wenyewe una alama pale ulipogonga ukuta na bado unavuta kidogo kushoto. Nimeuchora mstari mwekundu niujue nikiutoa kwenye podo.

Habari za sumu ya msunguti, na nani alikuwa anaipika na kuiuza pwani, nitaziandika siku nyingine. Nyingi mno kuzibana hapa.